Karatasi Isiyoimbwa

Gazeti lilifika kabla ya chai. Mdogo wa Bi Kengele aliliweka mezani likiwa limekunjwa, picha chini, kana kwamba picha ikilazwa kifudifudi itakosa pumzi ife yenyewe. Bi Kengele aliligeuza. Akajiona, miaka saba iliyopita, ndani ya gauni la kijani, ameinama kwenye meza ya kwanza ya ukumbi, mkono wake umemezwa na mikono miwili ya Shemeji. Juu ya picha kulikuwa na herufi ambazo hata asiye na miwani angezisoma kutoka ng'ambo ya barabara: KENGELE YA GENGE.

"Kati ya picha zote wamechagua hii," alisema. "Nina videvu viwili."

"Dada, usianze mizaha."

"Nianze nini, kulia? Kwanza nipe chai."

Mdogo wake alimmiminia, nusu kwenye kikombe, nusu kwenye kisahani.

Bi Kengele alikuwa na miaka hamsini na tisa, na thelathini na minne kati ya hiyo ameimaliza jukwaani. Jina la Kengele alipewa na watu wa viti vya nyuma kabisa, wale ambao sauti za waimbaji wengine huwafikia zikiwa zimechoka. Jina alilozaliwa nalo lilibaki kwenye vyeti. Aliishi na mdogo wake katika vyumba vitatu juu ya duka la vioo, na kila asubuhi jua lilipopiga bidhaa za chini, dari ya sebule yao ilijaa vipande vya mwanga vinavyocheza. Wageni walidhani ni mapambo.

Na huyo Shemeji? Hakuwa shemeji wa mtu. Hakuna aliyejua ameoa wapi, wala dada yake kaolewa na nani, kama dada alikuwa naye. Aliwaita watu wote shemeji, na watu wote walimwitikia shemeji, kwa sababu hawakuthubutu kumwita lile jina lingine walilokuwa nalo mdomoni. Malori yaliyopotea na mizigo yake, maduka yaliyoungua baada ya mwenyewe kuambiwa ahame, mashahidi waliofika mahakamani wamesahau hata walikozaliwa: mji mzima ulijua mkono ni wa nani. Kujua kulikuwa kwingi. Kusema ndiko kulikokosekana.

Gazeti lilisema Bi Kengele ni mwimbaji wa genge. Ushahidi wao mkubwa ulikuwa kwamba jina la Shemeji limetajwa mara kumi na moja katika nyimbo alizorekodi. Mtu mzima, mwenye familia, alikaa akazisikiliza zote akahesabu. Ila kuna jambo hakulielewa, au alilielewa akalifumbia macho.

Kila wimbo wa Bi Kengele una mahali ambapo wenyewe wanapaita uwanja. Hapo bendi inazunguka na mapigo yale yale, gitaa linajirudia taratibu kama mtu anayefagia ua, na mwimbaji anaita majina. Majina hayo hayatoki kichwani mwake. Watu wanayaandika kwenye vikaratasi, wanampa mdogo wake mlangoni, naye anavibana kwa vibanio vya nguo kwenye waya uliofungwa pembeni ya kipaza sauti. Fundi bomba yupo, bibi harusi yupo, mkunga aliyestaafu yupo, mganga wa meno aliyesema hapendi muziki naye yupo. Bi Kengele akiita, ukumbi mzima unajibu: "Yupo!" Ndiyo basi. Zawadi yenyewe ni hiyo. Mtu aliyeshinda wiki nzima akiitwa "we" kazini anasikia watu mia sita wakishuhudia kwamba yupo.

Mwalimu aliyemfundisha Bi Kengele kazi alimwachia sheria tatu. Karatasi ikifika kwenye waya, iimbwe, bila kuuliza mwenyewe ni nani. Ikishaimbwa inachomekwa kwenye msumari wa ubao wa mwimbaji na haitoki tena. Na muda ukiisha ikabaki karatasi haijaimbwa, mwimbaji mwenyewe ashuke, aitie mkononi mwa mwenye nayo, amwombe radhi ana kwa ana. Ubao wa Bi Kengele ulikuwa na misumari saba iliyojaa mpaka kichwani, na ulining'inia sebuleni pale ambapo watu wengine huweka saa.

Mchana ilifika barua ya Bodi ya Burudani, pamoja na wakili. Wakili alikuwa mtoto wa mdogo wake, kijana mwenye mkoba mpya na kesi za zamani. Ubingwa wake mpaka siku hiyo ulikuwa majirani wanaogombania ukuta.

"Mama mkubwa, wanakutaka Alhamisi saa nne asubuhi," alisema. "Na redio itakuwepo, moja kwa moja. Wanataka mji usikie."

"Usikie nini?"

Akasoma. "'Mimi ninayejulikana kwa jina la Bi Kengele natamka kwamba simfahamu mtu aitwaye Shemeji, sijawahi kumfahamu, na jina lake lilitajwa katika nyimbo zangu bila mimi kujua ni nani. Najuta.' Ukisaini na kuisoma, kadi yako ya usanii inabaki, na Jumapili unafungua ukumbi uliokarabatiwa kama ilivyopangwa. Usiposaini wanaichukua. Bila kadi, hakuna ukumbi wala hoteli wala bustani ya harusi itakayokuruhusu hata kukohoa kwenye kipaza sauti."

"Saini, dada," mdogo wake alisema. "Mistari mitatu tu. Umeimba uongo mrefu kuliko huo kwenye nyimbo za mapenzi."

Na ukweli usemwe: Bi Kengele alitaka kusaini. Asijifanye shujaa mtu aliyetetemeka Jumatatu nzima. Bila jukwaa hakujua angekuwa nani. Mumewe alishafariki, watoto hakujaliwa, na kupika hajui mpaka leo. Kuimba ndiko kulikomwamsha asubuhi. Alichukua kalamu, akaijaribu pembeni mwa gazeti, juu ya kidevu chake cha pili, akaona wino unatoka vizuri. Akasema atasaini kesho, macho yakishapumzika.

Kesho yake, saa nane mchana, Shemeji alikuja mwenyewe.

Walikuwa chumba cha mazoezi, nyuma ya karakana ya makochi, mahali ambapo vumbi la sponji huingia mpaka kwenye tarumbeta. Wanamuziki walipomwona mlangoni, kila mmoja alikumbuka shughuli yake. Mpiga ngoma aliondoka na vijiti vyake mkononi kama anayekwenda kula navyo. Alibaki Bi Kengele, na mdogo wake aliyekuwa akinyoosha waya wa vikaratasi.

Shemeji alikuwa amezeeka. Shingo ilikuwa imepwaya ndani ya kola, na alikaa kwa awamu mbili, kwanza mkono kisha mwili. Lakini sauti ilikuwa ile ile, ya mtu anayebembeleza mtoto alale.

"Shemeji, pole na haya magazeti."

"Tumeshapoa."

"Nimekuja kukuondoa wasiwasi. Saini ile karatasi. Sema hunijui. Mimi nitakasirika? Mimi si mtoto. Tumetoka mbali, shemeji, siwezi kukuharibia riziki." Akatabasamu. "Nimeisoma. Imeandikwa vizuri, hasa pale mwisho. 'Najuta.' Fupi, inatosha."

Bi Kengele akamgeukia. "Umeisoma wapi? Nimeletewa mimi tu, jana."

"Ah, shemeji. Mji huu ni mdogo." Akainuka, tena kwa awamu mbili, akampigapiga begani. "Alhamisi usivae nyeusi. Hainogi kwako."

Alipoondoka, mdogo wake alishusha pumzi. "Umeona? Hata yeye ameridhika. Bodi imeridhika, yeye ameridhika. Umebaki wewe tu."

Hapo ndipo Bi Kengele alipoelewa, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka. Bodi ilitaka aseme hamjui. Shemeji alitaka aseme hamjui. Maneno ni yale yale, karatasi ni ile ile, na pengine mwandishi ni yule yule. Kelele zote za gazeti zilikuwa za kumfikisha mwanamke mmoja redioni akatangaze kwamba hajui kitu, ili kila aliyejua naye apumue. Mwimbaji mashuhuri akisema simjui, fundi bomba atasema anamjua kwa lipi?

"Nyumbani kuna mkasi?" aliuliza.

"Mkasi wa nini tena?"

"Twende."

Gauni la kijani lilikuwa kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni. Bi Kengele aliligeuza, akakata uzi wa pindo la kiunoni, na kwa vidole viwili akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Miaka sita ya jasho ilikuwa imekifanya kuwa cha kahawia, laini kama kitambaa. Alilivaa gauni lile kila onyesho kubwa, na kila alipopumua kwa ndani, karatasi ilimgusa ubavuni.

Mdogo wake aliiona akakaa kitandani bila kuambiwa. Aliijua. Yeye ndiye aliyeipokea mlangoni.

Ilikuwa Jumapili moja, miaka sita nyuma, onyesho la alasiri. Mama mmoja mwenye shati la kazi, mfuaji wa mashuka ya hospitali, alisimama mlangoni akaandika taratibu, akiegemeza karatasi kwenye ukuta. *Fundi Saa wa ngazi za soko. Mwanangu. Alikuwa anakuja kila mwezi, anakaa nyuma. Naomba nisikie wakisema yupo.* Fundi Saa alikuwa na meza yake ndogo katika ngazi za soko, na watu wa Shemeji walitaka ngazi zote ziwe zao. Wengine walihama. Yeye alisema saa za watu ziko humu kwenye droo, wakija kuzichukua watamkuta wapi? Jumatano iliyotangulia alikutwa chini ya ngazi zile zile amekufa, saa ya mkononi bado inatembea. Ikaandikwa kwamba aliteleza. Ngazi zenyewe zilikuwa kumi na moja, na alizipanda miaka kumi na miwili bila kujikwaa.

Mdogo wake aliibana ya tatu kwenye waya. Bi Kengele alifika uwanja, akaita ya kwanza, akaita ya pili. Ya tatu ikawa mbele ya macho yake, na nyuma yake, meza ya kwanza, Shemeji akiwa na glasi mkononi anangoja jina lake. Macho yao yakakutana. Hakumtisha, alimtabasamia tu. Bi Kengele akachomoa karatasi ile kwenye kibanio, akaikunjia kiganjani, akaita ya nne. Ya nne ilikuwa ya Shemeji. "Yupo!" ukumbi ukajibu. Yule mama alisimama pembeni mwa nguzo mpaka wimbo wa mwisho, akangoja karatasi yake irudishwe. Mwimbaji aliondoka kwa mlango wa nyuma.

"Nilikuona," mdogo wake alisema sasa, kwa sauti ndogo. "Siku ile ile. Nikajiambia labda imeanguka."

"Haikuanguka."

"Najua haikuanguka! Miaka sita nabana vikaratasi, kila nikifika cha tatu vidole vinaganda." Akafuta pua kwa kiganja. "Lakini ukiyasema haya Alhamisi, dada, hutaimba tena. Na yule mzee anaweza kutufanya lolote. Tunaishi juu ya duka la vioo!"

"Wamesema nina uhusiano na genge. Wamehesabu mara kumi na moja nilipomtaja. Uhusiano wenyewe ni huu hapa." Aliinyanyua karatasi. "Ni jina moja ambalo sikulitaja. Hilo hawakulihesabu."

Mdogo wake alikwenda jikoni akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Alhamisi Bi Kengele alivaa nyeusi.

Chumba cha Bodi kilikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, feni iliyogeuka huku ikilalamika, na picha za waimbaji marehemu ukutani, maana wasanii hao ndio wasioisumbua Bodi. Mwenyekiti alikaa katikati, suti imenyooka, chupa ya maji mbele yake haijafunguliwa. Fundi mitambo wa redio alikuwa kwenye kona na masikio yake makubwa ya plastiki, na taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa kijana wa Shemeji, amekunja mikono, anatafuna kijiti cha meno. Mdogo wake alikaa benchi la pili. Alikuja, lakini tangu asubuhi alikuwa amenuna, na hata kwenye teksi alitazama dirisha lake.

"Tamko lako liko mbele yako," mwenyekiti alisema kwa upole wa redioni. "Lisome, utie saini, sote twende tukaendelee na kazi za kujenga utamaduni. Kwa utaratibu tu nakuuliza kwanza: unamfahamu mtu anayeitwa Shemeji?"

"Namfahamu."

Feni ikalalamika peke yake. Wakili alifunga mkoba, akaufungua, akaufunga.

"Labda hukulielewa swali."

"Nimelielewa, mwenyekiti. Namfahamu vizuri. Amekaa meza yangu ya kwanza miaka tisa. Baba yangu alipoanguka, gari lililompeleka hospitali lilikuwa lake, na mimi nililipanda, nikashukuru. Redio zilipoacha kupiga nyimbo zangu, alizungumza nao, wakapiga. Sikumuuliza alizungumza vipi. Kwa hiyo mkitaka kusema nilimjua, semeni kwa sauti, niwasaidie."

"Bi Kengele..."

"Na wewe unamfahamu. Ulikuwa unakaa meza ya tatu, na karatasi yako yenye jina lake uliiandika kwa wino mwekundu. Iko kwenye msumari wangu wa tano, ukitaka nitakuletea."

Kicheko kilitoka mahali, kikazibwa kwa kikohozi. Mwenyekiti alifungua chupa ya maji. "Kijana wa redio, zima hiyo mitambo."

"Ndiyo, mzee," fundi mitambo alisema, akaanza kuitafuta swichi. Kwa miaka kumi alikuwa akiizima bila kuangalia. Siku hiyo aliipapasa juu, akaipapasa chini, akainama hadi uvunguni mwa meza. Taa nyekundu ikabaki pale pale.

"Usiogope," Bi Kengele alimwambia mwenyekiti. "Sikuja kugawa aibu. Nimekuja na yangu." Akatoa karatasi ndani ya mkoba na kuikunjua, mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, taratibu isichanike. "Miaka sita iliyopita mama mmoja aliniletea jina la mwanawe. Sheria ya kazi yangu inasema niimbe, au nimrudishie mkononi nimwombe radhi. Sikufanya hili wala lile. Nilimwona Shemeji anatabasamu, nikaogopa, nikalificha jina la marehemu, na dakika ile ile nikaimba jina la aliyemwua. Mtu wa kwanza kunifukuza kazi alipaswa kuwa mimi. Sasa nitaliimba. Mkishamaliza kusikiliza, kadi yenu hii hapa, wala msisumbuke kuinyang'anya."

Akaiweka kadi juu ya tamko. Picha yake ya ujana ikatazama dari.

"Hapa si ukumbi wa muziki!" mwenyekiti alisema.

"Ndiyo maana sauti inarudi vibaya," alijibu, na kwa vifundo vya vidole akaanza kugonga meza.

Mapigo yalikuwa yale ya uwanja, ambayo kila mtu wa mji ule mwenye masikio aliyajua kabla ya kujua kusoma. Mara mbili alizunguka bila maneno. Kwa mara ya kwanza tangu ujana aliogopa kwamba mdomo ungefunguka bila kitu kutoka. Kisha akaita, kwa ile sauti ya viti vya nyuma.

"Fundi Saa wa ngazi za soko!"

Hakuna aliyejibu. Uwanja usiojibiwa ni kitu kibaya. Mwimbaji anasikia hata feni ikimcheka. Kijana wa mlangoni aliacha kutafuna. Bi Kengele akagonga mzunguko mwingine, vifundo vinamuuma, akaita tena.

"Fundi Saa wa ngazi za soko! Aliyeuawa, hakuteleza!"

"Yupo."

Ilitoka benchi la pili, imekwama kwa kilio, nusu ya neno. Mdogo wake alikuwa amesimama, mkoba umeanguka, uso umelowa. Miaka yote ile kazi yake ilikuwa mlangoni. Hakuwahi kuitikia hata mara moja. Bi Kengele akamtazama, akaita mara ya tatu, na safari hii karani aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao aliweka kalamu akasema "yupo," na mfagiaji aliyesimama dirishani akasema, na wakili akapiga meza kwa mkoba wake mpya akasema kwa sauti kuliko wote, kama mtu aliyeshinda kesi ya ukuta. Kijana wa Shemeji alitoka bila kufunga mlango.

"Ah, hii hapa," fundi mitambo alisema, na taa nyekundu ikazimika.

Kadi ilichukuliwa. Waliichukua kwa barua yenye mihuri mitatu, na Jumapili ukumbi ulifunguliwa na kikundi cha vijana wa sarakasi. Ijumaa alfajiri, duka la chini lilikutwa limevunjwa vioo vyote vya mbele. Bi Kengele alishuka na ufagio, roho juu juu, akamwomba radhi mwenye duka.

"Mama, wamevunja vioo kwenye duka la vioo," mwenye duka alisema, amejishika kiuno. "Watu hawa hawana akili. Stoo nimejaza." Kisha akaongeza, bila kumtazama, "Nami nilikuwa na saa kwa yule fundi. Droo ya pili. Sikurudishiwa."

Hakuwa peke yake. Siku zilizofuata watu walifika kituo cha polisi mmoja mmoja, kila mmoja akidai saa yake iliyokuwa kwa fundi, na kila aliyedai saa ilibidi aeleze fundi yuko wapi na alimwona lini mara ya mwisho. Kama kesi ingefika mahakamani, hakuna aliyejua. Shemeji bado alikuwa na wakili mzuri kuliko mtoto wa mdogo wake. Ila faili lililoandikwa "aliteleza" lilifunguliwa, na hilo si dogo.

Jumapili ile ya ufunguzi, saa ambayo angekuwa jukwaani, Bi Kengele alikuwa sebuleni anachambua uzi wa gauni la kijani. Mdogo wake alifungua mlango, akarudi nyuma hatua mbili. Aliyeingia alikuwa mama mwembamba mwenye mikono iliyochubuliwa na sabuni. Alikaa bila kukaribishwa.

Bi Kengele alikuwa ameyaandaa maneno siku tatu. Yote yalimpotea. Alichukua karatasi ya kahawia kwenye rafu, akapiga magoti, akaishika kwa mikono miwili kama sheria inavyosema.

"Dada yangu, nimechelewa miaka sita. Naomba radhi."

Yule mama aliitazama karatasi, hakuipokea. "Ulinitoroka kwa mlango wa nyuma."

"Ndiyo."

"Nikabaki na mlinzi anazima taa." Akafikicha vidole. "Alhamisi nilikuwa kufulia, redio inaimba yake. Nikasikia jina. Mara ya kwanza nikadhani nimechanganyikiwa. Mara ya pili hawakujibu, mijitu ile, nikapandwa na hasira. Basi nikaitikia mimi. Peke yangu, katikati ya mashuka. Msimamizi akaja mbio akauliza nani yupo."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia."

Mdogo wake aligeukia ukutani. Bi Kengele bado alikuwa amepiga magoti, karatasi mikononi.

"Ichukue basi. Ni yako."

"Iliimbwa?" yule mama aliuliza.

"Iliimbwa."

"Sasa kwa nini unanirudishia?" Akanyoosha kidole chake kilichochubuka, akauonyesha ubao. "Iweke kwenye msumari."